Faida ya mwaka mmoja ilivyonipotezea hela ya kahawa ya mama

Jumapili usiku nilipata ujumbe kutoka kwa msomaji wa Dodoma, muuguzi. "Kaka, habari za majukumu. SACCOS yetu imenipitishia mkopo wa milioni 9. Kuna benki pale DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, faida yake imepanda karibu mara mbili mwaka jana, na bei ya hisa ni mara 5 tu ya faida ya kila hisa. Niingie na yote?"

Sikumjibu usiku ule. Niliukalia ujumbe hadi saa saba, kwa sababu ujumbe kama huo niliwahi kuuandika mimi, karibu neno kwa neno, Novemba 2015. Mimi nilimtumia dalali wangu wa hisa. Alijibu kwa maneno mawili: "Bei nzuri." Kesho yake asubuhi nikaenda benki kuweka pesa kwenye akaunti yake.

Nilikuwa na milioni 6 za malimbikizo ya mshahara. Nikaona hazitoshi kwa bahati kubwa kiasi kile, nikapanda basi kwenda nyumbani Marangu kumwomba mama milioni 2. Zilikuwa hela zake za kahawa, malipo ya chama cha msingi ya misimu mitatu, alizokuwa anazitunza kwa ajili ya kuezeka upya nyumba. Nilimkuta jikoni. Nilimweleza kila kitu: hisa ni nini, gawio (sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa) ni nini, faida ya benki ile imefika wapi. Nilijiona mwalimu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Hiyo faida ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka huu, mama."

"Na mwaka ambao mti unapumzika, wanapata kiasi gani?"

Wanaolima kahawa wanajua alichouliza. Mti ukizaa sana msimu huu, msimu unaofuata unatoa kidogo. Mtu akija kununua shamba la kahawa haangalii matawi yaliyoinama kwa matunda siku hiyo halafu akataja bei. Anauliza majirani, anauliza chama cha msingi shamba limepeleka kilo ngapi miaka yote. Mimi nikamwambia mama kwamba benki siyo kahawa. Akanipa hela kwa sababu mimi ni mwanawe.

Benki niliyonunua sitaitaja. Haikunidanganya; hesabu zake zilikuwa kwenye gazeti, na mimi ndiye niliyesoma mstari mmoja. Nilinunua kwa bei iliyokuwa chini ya mara 7 ya faida kwa kila hisa ya mwaka ule. Mwaka wa pili faida ilishuka, wa tatu ikaanguka kabisa. Gawio moja lilikuja dogo, jingine halikuja. Machi 2018 mtoto wetu wa kwanza alikuwa ameanza kidato cha kwanza bweni, ada ilikuwa inadaiwa, nikauza. Milioni 8 zilirudi milioni 3 na laki 3. Nilimlipa mama milioni 2 zake kutoka kwenye mshahara, laki mbili kila mwezi kwa miezi kumi, na kwa miezi yote kumi hakunikumbusha swali lake. Bado linaniuma kwamba hakunikumbusha. Shemeji yangu alinikumbusha vya kutosha, mbele za watu, kwenye kipaimara cha mtoto wake: "Hisa ni kamari ya wasomi."

Mwaka huo nikaanza kujifunza upya, na daftari la kurasa 96.

Kitu cha kwanza nilichoelewa ni kwamba faida ya benki ya mwaka mmoja inapotosha kuliko faida ya biashara nyingi. Kiwanda cha saruji kikiuza mfuko, kimeuza. Benki ikitoa mkopo, haijajua kama imepata au imekosa mpaka miaka miwili mitatu ipite. Mwaka wa neema benki inakopesha kwa wingi, riba inaingia, tengo la mikopo chechefu (fedha inayotengwa kufidia mikopo isiyolipwa) linakuwa dogo, faida inapanda, na magazeti yanaandika "faida yavunja rekodi". Mikopo mibovu huwa imeshazaliwa ndani ya mwaka huo huo unaopigiwa makofi. Inakuja kuonekana vitabuni baadaye. Kwa hiyo siku ambayo hisa ya benki inaonekana rahisi sana ukiigawanya kwa faida ya mwaka jana, mara nyingi ndiyo siku ya kuogopa. Na siku inayoonekana ghali, kwa sababu faida imeporomoka, inaweza kuwa ndiyo siku ya kununua. Mimi nilinunua siku ya kwanza na kuuza siku ya pili.

Chukua benki ya CRDB. Naitumia kwa sababu hesabu zake ziko wazi kwa kila mtu, na kwa sababu nyingine nitakayoisema. Mwaka 2015 faida baada ya kodi ilikuwa kama shilingi bilioni 129. Mwaka 2016 ikawa kama bilioni 74. Mwaka 2017 ikawa kama bilioni 36. Mnakumbuka miaka ile: fedha za taasisi za umma zilihamishiwa Benki Kuu, ukwasi, yaani pesa taslimu mikononi mwa mabenki, ukabana, mikopo chechefu kwenye sekta nzima ikapita asilimia 10 wakati Benki Kuu inataka isizidi 5, na Januari 2018 benki ndogo tano zikafutiwa leseni kwa siku moja. Kisha mti ukazaa tena: bilioni 64 mwaka 2018, bilioni 120 mwaka 2019. Hisa za benki hiyo ni kama bilioni 2.61. Gawanya mwenyewe. Aliyetazama 2015 peke yake aliona faida ya shilingi 49 kwa hisa. Aliyetazama 2017 aliona shilingi 14. Benki ni ile ile, matawi ni yale yale. Shilingi ngapi ndiyo faida yake ya kweli?

Jibu ni lile la mama: ya miaka yote. Wasomi wameliita kwa jina refu: uwiano wa bei kwa faida uliorekebishwa kwa mzunguko, kwa kifupi CAPE. Robert Shiller wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2013, aliliandika pamoja na John Campbell mwaka 1988: chukua faida za miaka 10, zirekebishe kwa mfumuko wa bei, tafuta wastani, kisha gawanya bei kwa wastani huo. Miaka 10 inatosha kuingiza ndani mwaka wa neema na mwaka wa njaa.

Hapo kwenye mfumuko wa bei ndipo watu wengi wanaruka, na naomba usiruke. Shilingi ya 2015 si shilingi ya 2024. Nimeingia kwenye takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mwaka kwa mwaka, nikazidisha moja baada ya nyingine: shilingi 100 za 2015 ni kama shilingi 142 za 2024. Kwa hiyo zile bilioni 129 za 2015 ni kama bilioni 183 kwa pesa ya 2024. Usipofanya hivyo, miaka ya zamani inaonekana midogo kuliko ilivyokuwa, na benki inaonekana imekua kuliko ilivyokua. Kuna benki inajisifu faida imepanda asilimia 40 ndani ya miaka kumi, na ukweli ni kwamba imesimama pale pale. Bei ndizo zilizopanda.

Mwishoni mwa 2019 nilikaa mezani na daftari langu. Sikuwa na miaka yote 10 niliyoiamini, nikafanya mitano, 2015 hadi 2019 (ya 2019 kwa makadirio, maana hesabu zake zilikuwa hazijafungwa), nikaipeleka yote kwenye shilingi ya 2019. Wastani ukatoka kama shilingi 35 kwa hisa. Bei sokoni ilikuwa shilingi 95. Nilirudia hesabu mara nne nikidhani nimekosea sifuri. Bei ilikuwa chini ya mara 3 ya faida ya wastani, na ndani ya wastani huo nimeshaweka mwaka mbaya kuliko yote! Nikanunua hisa 40,000, milioni 3 na laki 8, bila kuhesabu ada ya dalali. Shemeji aliposikia alicheka. Gawio la hesabu za 2019 lilikuwa shilingi 17. La 2021 shilingi 36. La 2024 shilingi 65 kwa hisa, kwa hisa niliyoinunua 95. Mwaka huo mmoja gawio langu lilikuwa milioni 2 na laki 6 kabla ya kodi ya asilimia 5. Nyumba ya Marangu imeezekwa bati jipya, la rangi nyekundu, mama alilichagua mwenyewe. Shemeji alikuja siku ya kukabidhi mafundi. Hakusema kitu, nami sikumwambia kitu, lakini nilitaka aone.

Sasa nisikilize vizuri, hasa ninyi mnaoniandikia kila wiki mkitaka jina la hisa. Sina jina la kukupa. Nina kazi ya kukupa. Tafuta taarifa za fedha za miaka 10. Siyo mitatu. Siyo ule ukurasa wa kwanza wenye picha ya mwenyekiti. Miaka 10.

Na fanya kwa kila hisa, usifanye kwa faida nzima. Benki hukuza mtaji kwa kuuza hisa mpya. CRDB mwaka 2015 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya 1 kwa kila 5 walizokuwa nazo, kwa shilingi 350. Faida ya miaka ya nyuma yake iligawanywa kwa hisa chache zaidi. Ukichanganya hesabu hizo bila kuangalia idadi ya hisa, unajidanganya.

Halafu kuna kitu ambacho mimi mwenyewe kilinichukua miaka kukielewa, na nadhani ndicho cha maana kuliko vyote kwa anayepima benki. Mtaji wa benki ni pesa. Kiwanda kina mitambo na ardhi, na bei zikipanda navyo thamani yake inapanda. Benki ina mikopo na hatifungani, yaani pesa inayodai kwa shilingi ile ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Mfumuko ukipanda, mtaji wa benki unaliwa kimya kimya, hata kama riba imepanda na faida inang'aa. Mwaka 2012 mfumuko wa bei hapa kwetu ulikuwa wastani wa asilimia 16. Benki iliyopata faida ya asilimia 20 ya mtaji wake mwaka ule ilibaki kwa kweli na kama asilimia 4. Mwaka 2024 mfumuko ulikuwa kama asilimia 3; asilimia 20 hiyo hiyo iliacha 17. Kwenye gazeti asilimia 20 zote mbili zinafanana. Kwa hiyo siku hizi daftari langu lina safu ya ziada: faida kama asilimia ya mtaji wa wanahisa, toa mfumuko wa mwaka huo, kwa miaka 10. Wastani wa safu hiyo nauzidisha kwa mtaji wa leo kwa kila hisa, na jibu lake ndilo ninalolichukua kama faida ya kawaida ya hisa.

Safu hiyo inasaidia na jambo jingine. Fanya wastani wa CRDB kwa 2015 hadi 2024 kwa shilingi ya 2024 na utapata, kwa hesabu yangu, kama shilingi 92 kwa hisa, wakati faida ya 2024 peke yake, bilioni 551, ni kama shilingi 211. Je, benki hiyo ni ghali kwa sababu wastani ni chini ya nusu ya faida ya sasa? Si lazima. Kwa miaka 10 ilibakiza sehemu kubwa ya faida na kuigeuza mtaji, kwa hiyo shamba lenyewe limekuwa kubwa. Wastani mtupu unapima miti ya shamba la zamani. Lakini pia usikimbilie ile 211 ukasema ndiyo kawaida mpya, maana hicho ndicho nilichosema mimi mwaka 2015. Mahali fulani kati ya 92 na 211 ndipo penye kazi, na kazi hiyo haifanywi na dalali wala na kundi la WhatsApp.

Na hakuna wastani unaofufua benki iliyokufa. Shiller alipima soko zima. Soko zima halifutiwi leseni. Benki moja inafutiwa. Kabla ya daftari, angalia mikopo chechefu na mtaji. Kama mikopo chechefu imepita asilimia 10 na mtaji unakaribia kiwango cha chini cha Benki Kuu, funga daftari.

Muuguzi wa Dodoma nilimjibu Jumatatu asubuhi. Nilimwambia kwanza asiguse mkopo wa SACCOS kununulia hisa, riba yake haisubiri miaka 10. Kisha nikamtumia picha ya ukurasa wa daftari langu, safu zote tano, nikamwomba ajaze za benki yake. Jana usiku karudisha picha ya ukurasa wake, mwandiko safi wa watu wa hospitali. Miaka minane imejazwa. Ya 2016 na 2017 iko wazi. "Kaka, hizi mbili sijazipata mtandaoni, naweza kuziruka?"

Nimemwandikia aende makao makuu ya benki, au kwa dalali yeyote, aombe vitabu vya miaka hiyo miwili, na asinunue hata hisa moja mpaka avipate.