Masomo ya Wachikano: kazi ya wanafunzi au hela za Ford?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi najua masomo ya Wachikano, hawa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, yaliingia vyuoni kwa nguvu ya wanafunzi, ila mwenzangu anakomaa kwamba bila hela za Ford Foundation, taasisi ya Marekani inayofadhili miradi, yasingekuwepo kabisa. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba. Wewe una haki zaidi, ila usimpuuze mwenzako. Machi 1968 wanafunzi wa sekondari East Los Angeles waligoma wakatoka madarasani kwa maelfu, mwaka huohuo chuo cha Cal State Los Angeles kikaanzisha idara ya masomo hayo, halafu Aprili 1969 wanafunzi na walimu wakakutana Santa Barbara wakaandika mpango mzima wa masomo yenyewe. Hapo hakuna tajiri aliyewatuma.

Lakini hela ilishaingia kabla, maana katikati ya miaka ya 1960 Ford waliilipa UCLA, chuo kikuu cha Los Angeles, ifanye utafiti mkubwa juu ya watu hawa, kiongozi akiwa Leo Grebler ambaye hakuwa Mchikano, ingawa Ralph Guzmán alikuwemo, na kitabu cha utafiti huo kikatoka 1970. Vijana wengi walikuwa wamechoka kuchunguzwa kama tatizo, walitaka kujiandika wenyewe, ndo maana kule Berkeley, California, kundi la waandishi la Quinto Sol walianzisha jarida lao El Grito 1967 bila kusubiri mfadhili, na mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Sasa ushawishi wenyewe uko hapa. 1968 Ford waliipa MALDEF, shirika la mawakili wa Wachikano, dola milioni 2.2 za miaka 5, na hela nyingine zikawafikia vijana wa MAYO, chama cha vijana Wachikano kule Texas. Mbunge Henry B. González, naye mwenye asili ya Meksiko, akachachamaa bungeni kupinga hela hizo, na sheria ya kodi ya 1969 ikazibana taasisi binafsi za ufadhili kama Ford kwenye mambo ya kuandikisha wapigakura na kushawishi wabunge. Kwa hiyo mfadhili akikimbia siasa anabaki na nini? Mahakama, utafiti na masomo ya uzamili, mfano chuo kikuu cha Notre Dame ambako profesa Julian Samora aliwasomesha vijana wengi miaka ya 1970 kwa hela za Ford.

Mimi naona hapo tulipata wasomi wazuri kweli, ila ule mpango wa Santa Barbara ulitaka chuo kiutumikie mtaa, na hicho ndo kipande ambacho hela haikukifuata.