Anaunga Bismillahi, Atashindwa na "Mama"?

Wiki hii barua nyingi ni za wazazi wanaosomesha watoto nyumbani, na karibu zote ni za mwandiko wa kuunga herufi. Watatu wameniuliza kama sheria inaruhusu kusomesha nyumbani. Mimi ni mwalimu wa mwandiko. Hilo mpelekeeni wakili, na mkaisome Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kabla ya kunipigia simu saa tatu usiku.

Mwanangu ana miaka saba, herufi za kuachana anaziweza. Nimepakua kurasa sitini za mazoezi mtandaoni. Nianzie wapi? (Mama, Kisauni)

Anzia kwa kuzitia kabatini kurasa hizo. Nyingi ya hizo ni za mtindo wa Kimarekani wenye mapambo, ambao Q kubwa yake yafanana na 2. Mtoto atajifunza kupamba kabla hajajua kuandika.

Sasa nikuulize mimi: aenda chuoni, yaani madrasa, jioni? Kama aenda, basi kuunga anajua. Mtazame akiandika bismi: b, s na m zatoka kwa mkupuo mmoja, penseli haiinuki, kisha anarudi kuweka nukta. Na i na t za Kilatini ni vivyo hivyo: maliza mwili wa neno, ndipo urudi kuweka nukta na kukata msalaba. Anajua pia kuwa alifu, dali, dhali, ree, zee na wau hazishiki herufi inayofuata. Kilichobaki ni kugeuza njia tu, kutoka kushoto kwenda kulia. Mwambie hivyo, uone uso wake.

Usifuate a, b, c, d. Fuata jamaa ya mkono: c, a, d, g, o huanza kwa mzunguko mmoja. Kisha i, u, t, j. Kisha n, m, h, r. Q na x ziache hadi Kiingereza kizihitaji. Siku ya tatu mpe maneno: mama, dada, nunua. Kiswahili kina huruma, neno karibu lote huishia kwa vokali, kwa hivyo mikia ya mwisho ni mitano tu.

Taabu iko kwa herufi zinazomalizia mkia juu, si mstarini: o, w, v, b, r. Hapo ndipo watoto wetu wanapoanguka, kwa sababu *wa* na *vi* ziko kila mstari. Mtoto akiishusha o hadi mstarini ndipo ashike herufi ya pili, o imekuwa a. "Toa" inasomeka "taa", "bora" inasomeka "bara". Kaa naye hapo wiki nzima, dakika kumi kila asubuhi, usizidishe.

Kuna haja gani, na simu zimejaa? (Baba, Likoni)

Swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Finland waliacha kulazimisha mwandiko huu mwaka 2016. California nao wakapitisha sheria mwaka 2023 ya kuurudisha, ikaanza Januari 2024. Wewe mtihani wa taifa wa mwanao ataandika kwa kidole gumba? Na tazama yaliyotupata sisi wenyewe: mashairi ya Muyaka bin Haji wa hapa Mvita yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na leo wangapi Mji wa Kale wanaweza kuyasoma vile yalivyoandikwa? Hati usiyomfundisha mtoto ni kasha ulilolifunga ukatupa ufunguo baharini.

Kalamu gani? (Msomaji, Mtwapa)

Penseli.

Wangu ana miaka minne. (Mama, Changamwe)

Mwache achore mchangani. Pwani yote hii, mwampa karatasi ya nini?

Mwanangu anatumia mkono wa kushoto. Nyanyake asema tumgeuze mapema. (Mama, Bamburi)

Nyanya mheshimu, lakini katika hili usimsikize. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu, mfundishe. Penseli si tonge. Mimi darasa la pili nilifungwa mkono wa kushoto kwa leso, nikaandika kwa wa kulia mwaka mzima maandishi ya kuku, na nikaichukia shule. Mkono haukugeuka.

Karatasi ndiyo ya kugeuzwa. Anayeandika kwa kulia huinamisha kichwa cha karatasi upande wa kushoto. Wako ainamishe upande wa kulia, mkono ukae chini ya mstari, si juu kama anayekumbatia daftari. Ashike penseli mbali kidogo na ncha ili aone anachoandika. Na mwambie nyanya hili: chuoni mjukuu wake ndiye mwenye raha. Kiarabu chatoka kulia, kwa hivyo mkono wa kushoto haupiti juu ya wino mbichi. Wenzake ndio wanaotoka na viganja vyeusi.

Binti yangu wa miaka tisa akiunga analia, asema mkono wamuuma, na hasomeki. (Baba, Tudor)

Geuza ukurasa, upapase nyuma kwa kidole. Ukihisi makovu, anakandamiza. Mpe penseli laini zaidi, 2B, na chini ya karatasi weka gazeti. Ikitoboka ajue amezidisha. Kisha mpunguzie deni. Nani aliyesema lazima ziungwe zote? Aunge mbili tatu, ainue, apumue, aendelee. Kwenye "ng'ombe" ile alama ya juu aiweke mwisho, asikate mwendo. Maumivu yakiendelea baada ya hapo, mpeleke akaangaliwe mkono na macho pia, usimwite mvivu.

Na ziache hizo sentensi za kunakili. Mpe orodha ya sokoni aiandike kwa kuunga: bamia, nazi mbili, ndimu, mbatata kilo moja. Uende nayo Marikiti uisome mbele ya muuzaji. Usiloweza kulisoma usilinunue, na jioni akiuliza mbatata ziko wapi, mtolee karatasi yake.