Fokasi kufuata mshale: niliiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena

Kaka, umeuliza mbona kwenye hiyo kompyuta ya Linux uliyonunua mkononi maandishi yanaangukia dirisha jingine mausi ikiguswa kidogo tu, na kama ni virusi. Si virusi. Mwenyewe wa kwanza aliiwasha fokasi ifuate mshale: dirisha lililo chini ya mshale ndilo linalopokea unachoandika, hata hujabofya. Windows na Mac huja zikingoja ubofye kwanza, ndiyo maana waona ajabu.

Usikimbilie kuzima. Mimi nina saiba Mwembe Tayari, kutwa nawajazia watu fomu. Fomu imetanda skrini nzima, skani ya kitambulisho naiweka juu yake, ndogo, pembeni. Kwa mtindo wa kubofya, nikigusa fomu tu inapanda juu, skani inamezwa, naanza kuitafuta upya. Sasa nausogeza mshale kwenye fomu, naandika, nahama kikasha hadi kikasha kwa kitufe cha Tab, na skani iko palepale juu nasoma namba. Siri ni hii: fokasi ni kitu kimoja, dirisha kupanda juu ni kingine. Wengi wanaoichukia wameviwasha vyote viwili, madirisha yanarukaruka kama pweza kwenye ndoo.

Lakini ilishanitia aibu. Mama mmoja ananitajia nywila yake, mkoba wake ukasukuma mausi, mshale ukahamia barua ya mteja mwingine. Nywila ikajiandika pale, herufi kubwa, foleni nzima inatazama. "Mwanangu, siri yangu mbona waianika?" Niliizima siku hiyohiyo, nikakaa wiki mbili nikihangaika na skani, nikairudisha. Mashine za wateja nimeziacha kwa kubofya. Hiyo sibishani na mtu.

Kwenye Xfce, mojawapo ya sura za skrini za Linux, ingia mipangilio ya msimamizi wa madirisha, sehemu ya fokasi. Toa tiki kwenye dirisha kupanda lipatapo fokasi, na ile ya kupanda likibofywa. Kisha ongeza ucheleweshaji kidogo, ili mshale ukipita njia tu usinyakue fokasi. Kwa mkoba wa yule mama usingesaidia, maana mshale ulitua ukabaki.

Ukiwa na GNOME, sura nyingine ya Linux, kwenye mpangilio wa fokasi chagua `sloppy`, si `mouse`. Hiyo ya pili, mshale ukitoka kwenye dirisha ukaangukia eneo tupu la skrini, fokasi inapotea na unaandika hewani.

Na aliyeuliza hapo juu mbona Mac nayo isifuate mshale: menyu ya Mac iko kileleni mwa skrini na ni ya programu yenye fokasi. Ukiwa safarini kuifuata, ukapita juu ya dirisha la programu nyingine, menyu ingebadilika kabla hujafika. Ndugu yangu, huko bofya tu.