Kwa keshia mpya: siku mwili utakapokugeuka dirishani

Karibu kazini hapa benki. Majuma machache yajayo utafundishwa mengi: kuijua noti bandia kwa vidole, kuisoma hundi mpaka tarehe na sahihi, kufunga hesabu za jioni hadi shilingi ya mwisho, na la kufanya majambazi wakiingia. Kuna somo moja ambalo mimi sikufundishwa, na kulikosa kulinigharimu karibu mwaka mzima. Ni la kufanya siku hofu ya ghafla itakapokushika na mwili wako kukugeuka ukiwa umekaa dirishani, foleni yote inakutazama.

Kwangu ilikuwa tarehe 30, siku ya mishahara, foleni imefika mlangoni. Mzee mmoja alikuja kutoa shilingi 84,000. Nikaanza kuhesabu noti za elfu. Nilipofika ya thelathini na kitu, ncha za vidole zikafa ganzi. Noti niliziona lakini sikuzihisi. Moyo ukawa unadunda shingoni, midomo ikanichonyota kama imetambaliwa na sisimizi, jasho likanichuruzika mgongoni ilhali kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa changu. Nikahesabu upya, nikapotea. Nikahesabu tena, nikapotea. Kifua kikabana. Nikafunga droo, nikasimamisha kibao cha dirisha kufungwa, nikakimbilia chooni nikijua kwa yakini kwamba nakufa. Nilikuwa na umri wa miaka 24.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo nilikuwa nimepungukiwa na shilingi 6,000 kwenye hesabu za jioni, nazo zikakatwa kwenye mshahara wangu. Tangu hapo nilikuwa nikipata usingizi wa saa nne tu kila usiku. Nilikaa mtaa wa Umoja, Nairobi, naamka saa kumi na nusu alfajiri niwahi matatu kabla Jogoo Road haijazibwa na magari, nafika mjini na kikombe cha kahawa tumboni bila kipande cha mkate. Wakati ule sikuona kwamba mambo haya yana uhusiano wowote na vidole vyangu.

Basi elewa kwanza kinachotokea, maana hofu hulishwa na kutojua. Ubongo ukidhani kuna hatari, tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huongeza kasi ili misuli ipate damu ya kukimbia au kupigana. Damu hupungua tumboni, ndiyo maana unahisi kichefuchefu au haja ya ghafla ya kwenda msalani. Viganja hupoa, jasho hutoka, misuli ya mabega, shingo na kifua hujikaza mpaka iume. Mwanasayansi wa Marekani, Walter Cannon, aliueleza utaratibu huu katika kitabu chake cha mwaka 1915, na bado ndio unaofundishwa. Ulikusudiwa mtu aliyekutana na simba. Kwako umeamshwa na foleni na hofu ya kukatwa mshahara tena, na huna pa kukimbilia, kwa hiyo nguvu yote ile inabaki imekaa kwenye kiti.

Ganzi ina sababu yake ya pekee. Ukiingiwa na hofu unahema haraka bila kujijua, na kaboni dayoksaidi, hewa ile tunayoitoa tukipumua, inashuka kupita kiasi katika damu. Ikishuka, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo husinyaa kidogo, nawe unapata kizunguzungu. Neva nazo huwa nyepesi kushtuka, ndipo vidole na midomo vinapochonyota. Unahisi huna hewa, kumbe hewa unayo ya kutosha, ila unaitoa kwa kasi mno. Hili nalikazia kwa sababu kila mtu atakwambia, “Vuta pumzi ndefu!” Ukishapumua kupita kiasi, kuvuta zaidi kunakuzidishia. Kazi yako ni kutoa pumzi polepole.

Lakini usijitibu kwa maneno yangu kabla hujapimwa. Mimi nilipelekwa na keshia mkongwe wa dirisha la nne, mama ambaye sote tulimheshimu, aliyenikuta chooni mara ya tatu akasema, “Mdogo wangu, kesho asubuhi unakwenda kliniki, dirisha lako nitalisimamia.” Huko nilipimwa presha, umeme wa moyo, tezi ya shingo na damu. Moyo ulikuwa mzima. Tezi nzima. Damu ilikuwa pungufu, na upungufu wa damu peke yake huweza kuufanya moyo uende mbio na kukuacha ukihema kwenye ngazi. Nikapewa vidonge vya madini ya chuma. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na sukari iliyoshuka huweza kuleta dalili hizo hizo, kwa hiyo kipimo ni lazima. Na zipo dalili ambazo hazingoji kesho: maumivu ya kifua yanayopanda kwenye taya au kushuka mkononi, au yanayokuja ukijituma na kupungua ukipumzika, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea. Hizo ni za kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, hata kama umewahi kuambiwa una wasiwasi tu.

Neno hilo “tu” nalo lilinitesa. Daktari aliposema ni wasiwasi, nilisikia kama ananiambia najisingizia. Hakuwa na maana hiyo. Dalili ni za kweli, mapigo yanahesabika, jasho linaonekana. Daktari mmoja wa Philadelphia, Jacob Mendes Da Costa, aliandika mwaka 1871 juu ya wanajeshi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliolalamikia moyo kwenda mbio, kifua kuuma na kukosa pumzi, ilhali kwa wengi wao hakukuonekana ugonjwa wa moyo wenyewe. Wale walikuwa askari. Si watu wa kuwaita wadhaifu.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya. Kila hofu iliponijia, nilikimbia. Nilifunga dirisha, nikaenda chooni, na baada ya dakika chache nikapata nafuu. Nikaamini kwamba kukimbia ndiko kulikoniponya. Kesho yake hofu ikaja mapema zaidi. Nikaomba dirisha la pembeni, lililo karibu na mlango wa ndani. Kisha nikaanza kuomba ruhusa kila tarehe za mwisho wa mwezi. Kisha ikanifuata kwenye matatu. Nikawa nashuka njiani na kutembea kwa miguu sehemu iliyobaki, nafika kazini nimelowa jasho. Kufikia mwezi wa tano wa hali hii sikuweza hata kupanga foleni ya kununua mkate dukani. Dunia yangu ilizidi kuwa ndogo kwa sababu kila nilipokimbia nilikuwa nauambia ubongo wangu, “Umefanya vyema kunionya, pale palikuwa na hatari.”

Yule mama wa dirisha la nne ndiye aliyenikatia mnyororo huo. Siku moja saa saba mchana aliniona napauka, akanishika mkono, akanikalisha kwenye chumba cha chai mbele ya saa ya ukutani. “Hukufa Jumatatu, hukufa Jumatano,” akasema. “Leo tukae hapa tuitazame hii hofu inakwenda wapi.” Hakuniambia nitulie. Aliniambia nimweleze kila kilichokuwa kikipita mwilini, kama mtu anayesimulia mpira redioni. Vidole vimekufa ganzi. Sasa kifua. Sasa magoti yanatetemeka. Ilipanda mpaka nikadhani sitavumilia, nikamwambia nataka kutoka nje, akasema, “Dakika moja tu zaidi, kisha tutatoka pamoja.” Dakika hiyo ilipopita, miguu ilikuwa imeanza kutulia. Kutoka mwanzo hadi kushuka zilikuwa dakika 9 kwa saa ile ya ukutani. Mimi siku zote ningeapa kwamba ni saa nzima.

Baadaye mshauri wa saikolojia alinithibitishia: hofu ya namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kama 10, kisha hushuka yenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kukaa katika hali ile muda mrefu. Ukiijua saa yake, inapungua nguvu. Akanipa na zoezi ambalo lilinishangaza. Nipande ngazi za jengo letu, ghorofa nne, kwa haraka, mpaka moyo udunde kama ule wa dirishani, kisha nisimame juu pale nisifanye lolote, niuache ushuke wenyewe. Mimi mtu wa pwani, na Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Siku za kwanza nilidhani ngazi zitaniua. Baada ya majuma matatu nikawa nausikia moyo ukienda mbio na sishtuki. Hilo zoezi usilianze kabla daktari hajakwambia moyo wako ni mzima.

Dirishani kwenyewe, hivi ndivyo nifanyavyo hadi leo. Natoa pumzi kwanza, taratibu, kana kwamba napoza chai. Navuta kwa pua nikihesabu hadi nne, natoa nikihesabu hadi sita, wala sijazi kifua. Tumbo ndilo linalopanda na kushuka. Dakika mbili tatu zinatosha, na mteja hajui, kwa sababu mikono yangu inaendelea kugonga mihuri. Nakandamiza nyayo sakafuni. Chini ya meza nakunja ngumi kwa nguvu, nahesabu hadi tano, naziachia. Kukaza misuli na kuilegeza namna hiyo ni mbinu iliyotokana na kazi ya daktari mwingine wa Marekani, Edmund Jacobson, na kwa mabega yaliyoganda haina mfano. Na kama hesabu imenipotea, namwambia mteja waziwazi, “Samahani mzee, naanza upya nisikukosee.” Hajawahi kunigombeza hata mmoja. Wengi hushukuru.

Ila pumzi usizijifunze siku ya dhoruba. Zifanyie mazoezi kila asubuhi kabla ya kufungua droo, ukiwa umetulia, ili mwili uzizoee.

Kuhusu chakula na vinywaji nitakuwa mfupi. Kahawa na vile vinywaji vya makopo vya kuongeza nguvu huongeza mapigo ya moyo. Miraa na muguka vivyo hivyo. Pombe hukutuliza usiku na kukuamsha alfajiri moyo ukigonga. Kunywa uji au chai na kitu cha kutafuna kabla ya kazi. Mchana toka nje. Mimi huenda Jeevanjee Gardens, nakaa kwenye benchi chini ya mti robo saa, simu mfukoni.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ninapoliona kwa vijana. Tumbo likichafuka kila asubuhi ya kazi, wanasema ni vidonda vya tumbo, wanakwenda kwa duka la dawa mwaka mzima kununua vidonge vya kupunguza asidi. Wengine wanapeana dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, propranolol, kama peremende. Dawa hiyo inaweza kumbana pumzi mwenye pumu mpaka ahatarishe maisha. Wengine wanatafuta diazepam wapate usingizi, nayo humzoesha mtu upesi. Dawa za kutibu wasiwasi zipo na zimewasaidia wengi. Nyingine huchukua majuma kadhaa kabla hujaona nafuu, na ndiyo sababu zinahitaji daktari wa kukufuatilia, si rafiki wa dirisha la pili.

Nyumbani nako utasikia mengine. Mama yangu alisema ni husuda, nikasomewa dua. Dua nilizipokea kwa moyo wote na zilinipa faraja. Nilimwomba tu aniruhusu niende na kliniki pia, akakubali, na siku ya pili ya ushauri alinisindikiza.

Hofu ikikuzidi, mwambie msimamizi wako mapema, na umwambie kwa lugha ya kazi: “Napata tatizo la afya linalokuja kwa dakika kumi hivi, natibiwa, naomba likinijia nisihesabu fedha nyingi hadi lipite.” Mimi nilificha miezi mitano nikidhani nitafukuzwa. Nilipofungua mdomo nilipewa mtu wa kurudia hesabu zangu kwa mwezi mmoja, basi. Nje ya kazi, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina namba 1199 isiyotozwa pesa, ambako unaweza kuzungumza na mtu wa kukusikiliza. Hospitali ya Kenyatta ina idara ya afya ya akili. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, iliyopo tangu mwaka 1910, ina kliniki ya wagonjwa wanaokuja na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Najua jina hilo hapa Nairobi watu hulitumia kama tusi. Mimi nilikaa kwenye benchi lake kati ya mwalimu na askari, kila mmoja na faili lake mapajani, tukisubiri kuitwa.

Hofu bado hunitembelea. Alhamisi iliyopita ilinijia kwenye matatu, tumekwama karibu na City Stadium, dirisha halifunguki na mtu wa pembeni amelala begani kwangu. Vidole vikaanza. Nikatazama saa: moja na dakika kumi na mbili. Nikapoza chai yangu isiyokuwapo. Tulipofika Muthurwa ilikuwa moja na dakika ishirini na tano, nikamwamsha jirani yangu, tukashuka.