DVD inaonyesha watu warefu wembamba kwenye TV ya chogo: usimpe fundi aifungue

Mkuu, umesema deki uliyonunua mkononi inatoa watu wembamba kama mianzi kwenye chogo lako la inchi 21, na fundi anataka kulifungua. Mkatalie. Mimi nimeshaliwa hivyo.

Nilikuwa na kibanda umiza Kibirizi, hapa Kigoma. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo kibanda hujaa. Usiku mmoja wa aina hiyo nikafunga deki niliyouziwa na mtu mwenye flati. Sinema inaanza tu, sauti ikatoka mbele: "Bosi, hawa watu wanashindia nini?" Kesho yake fundi akachokonoa TV kwa ndani, akaminya picha kwenda chini. Sinema ikakaa sawa. Jioni, taarifa ya habari, uso wa mtangazaji umekuwa sinia.

TV haikuwa na kosa. DVD ya PAL (mfumo wa TV wa kwetu) ina pikseli, yaani nukta za picha, 720 kwa mistari 576, iwe picha ya 4:3 (upana 4 kwa urefu 3, kama chogo) au pana ya 16:9 (kama flati). Picha pana hubanwa ubavuni ili ienee humo, kisha TV pana iitanue. Deki ikidhani una flati inaitoa ilivyobanwa, na chogo halijui kitu, linaionyesha hivyohivyo.

Toa diski kwanza, deki nyingi hazikubali kubadilishwa zikiwa zinacheza. Bonyeza SETUP kwenye rimoti, tafuta TV DISPLAY au TV TYPE, chagua 4:3 LB (letterbox, picha nzima iliyopunguzwa urefu). Juu na chini itatokea mikanda myeusi na picha itabaki na mistari 432 kati ya ile 576. Wateja wangu walidai nimewakatia sinema! Inayokata ni 4:3 PS (pan & scan): inatupa robo ya upana, watu wawili wakizungumza mmoja anabaki pua. Tena diski nyingi haziikubali, deki inarudi LB yenyewe. Kama rimoti ya TV ina kitufe cha 16:9, hapo ndipo deki uiache kwenye 16:9, TV iminye yenyewe. Mistari yote 576 inabaki kwenye picha.

Rangi zikipotea, hilo ni jambo lingine: kwenye SETUP hiyohiyo toa NTSC (mfumo wa Marekani), weka PAL.

Sasa DVD za harusi. Ya mdogo wangu ilikataa mipangilio yote, mama akauliza mbona mmemkondesha bibi harusi. Aliyeichoma alisahau kuiwekea alama ya 16:9, basi deki itajuaje? Diski za dukani zikionekana vizuri, ila hiyo peke yake ndiyo inayokosea, mrudishie aichome upya. Kwenye kompyuta unaweza kuilazimisha kwa VLC, programu ya kuchezea video: bonyeza herufi A mpaka ikae.

Ukimaliza, simamisha picha penye mpira katikati ya kioo, upime kwa uzi, upana kisha urefu. Vikilingana, funika deki kwa kitambaa chake.