Faulo au si faulo? Majibu kwa maswali yenu kuhusu uamuzi wa mpira wa kikapu

Mbona wachezaji husukumana chini ya kikapu na mwamuzi asipulize filimbi?

Kugusana peke yake si faulo. Wachezaji 10 wanaokimbia katika uwanja wa mita 28 kwa 15 hawawezi kukwepana daima, na kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, zinalikubali jambo hilo. Mwamuzi hupima iwapo mguso umempa mmoja faida asiyostahili: bega kwa bega katika kuugombea mpira huachwa, ilhali kiganja kinachompiga mtupaji mkononi huadhibiwa hata kikiwa chepesi.

Mshambuliaji akimgonga mlinzi, kosa ni la nani?

Hakuna uamuzi mgumu kuliko huu, na ndio unaowaletea waamuzi lawama nyingi wasizostahili. Mlinzi aliyekwisha kumkabili mwenye mpira, miguu yake yote miwili ikiwa imekanyaga chini, amejipatia haki ya kuwa hapo, na akigongwa kifuani kosa ni la mshambuliaji. Watazamaji wengi hudhani kwamba lazima asimame tuli kama nguzo, jambo ambalo si kweli, kwani anaruhusiwa kurudi nyuma au kusogea kando ili aendelee kumzuia. Asichoruhusiwa ni kujiingiza njiani baada ya mpinzani kuruka, kwa sababu aliyeruka ana haki ya kutua. Tena, ndani ya nusuduara iliyo chini ya kikapu, yenye nusukipenyo cha mita 1.25, mshambuliaji aliye hewani kwa kawaida haadhibiwi kwa kumgonga mlinzi. Yote haya huamuliwa kufumba na kufumbua, na ndiyo maana mwamuzi hufundishwa kumtazama mlinzi wakati sisi sote tunautazama mpira.

Kwa nini mwamuzi aliye mbali apulize filimbi na aliye karibu anyamaze?

Ukaribu hausaidii kitu ikiwa mgongo wa mchezaji umekukinga. Mwamuzi hutafuta pembe inayomwonyesha upenyo kati ya miili miwili, na hatua moja tu pembeni inaweza kuugeuza uamuzi.

Je, dakika za mwisho zichezeshwe kwa kulegeza?

Hapana, naamini kabisa. Timu ikishafikisha faulo 4 katika robo, faulo ya ulinzi inayofuata, hata isiyohusu mtupo, humpa mpinzani mitupo huru 2. Kuinyamazia ni kuwanyang'anya waliostahili. NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, tangu mwaka 2015, huchapisha tathmini ya dakika 2 za mwisho za michezo iliyokaribiana kwa pointi, ikitaja makosa yaliyopulizwa kimakosa na hata yaliyoachwa.

Mimi ni nahodha. Naweza kumuuliza mwamuzi sababu ya faulo?

Unaweza, kwa adabu, mpira ukiwa umekufa, yaani mchezo umesimamishwa, na saa imesimama. Uliza alichokiona, kwa mfano iwapo mlinzi wako alichelewa kufika, kisha umweleze mwenzako kabla mchezo haujaendelea.