Alumini kwa ukuta wa moto? Hapana ssebo

Umeuliza kama bati la alumini lililobaki kwenye mabawa ya ndege unayojiundia linaweza kuwa ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na miguu ya rubani, maana stenlesi hapa Kampala ni bei. Hapana ssebo, yaani bwana, usijaribu kabisa. Alumini inayeyuka kwenye 660°C, na moto wanaopimia kuta hizi ni wa kama 1,100°C kwa dakika 15. Hizo dakika ndo za kutafuta pa kutua, sasa uwe umeruka kutoka uwanja wa ndege wa Kajjansi uko juu ya Ziwa Victoria utazitaka zote.

Sheria ya zamani ya ndege ya Marekani, FAR 23.1191, ilitaja stenlesi ya milimita 0.38 au chuma kilichokingwa kutu cha kama 0.46, kwa hiyo hata bati la chuma lililopakwa zinki linakubalika, ila nenda Katwe kwa mafundi chuma na maikromita yako, usiamini geji (unene) ya kuambiwa dukani.

Lakini bati sio penye kazi, kazi iko kwenye matundu ya kupitishia kebo na waya. Zile pete nyeusi za mpira zinaungua mara moja, zinaacha shimo, moto unaingia ndani kama mgeni aliyefunguliwa mlango. Kwenye ndege yangu kebo ya akselereta inapita kwenye kigololi cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake, na waya zote zinapita kibomba kimoja kifupi cha stenlesi, juu yake nimevalisha soksi ya moto (mfuko wa nyuzi zisizoungua) nikaibana na klempu, ndani nikajaza silanti ile inayovimba ikipata joto, sio silikoni ya madirisha jamani. Fitingi za mafuta ziwe chuma, na riveti pia hivyohivyo; zile fitingi za bluu ni alumini.

Kutoboa stenlesi: drili polepole, kandamiza kwelikweli, weka oili. Biti ikianza kulia bila kutoa nyuzi simama hapohapo unoe, ukiendelea kuisugua chuma kinazidi kuwa kigumu na hutaliona tundu leo.

Na wanaopenda kubandika sponji upande wa ndani kuzuia kelele, bati likiwa jekundu gundi inawaka hata kama moto haujavuka, unavuta moshi wake. Kata kipande, kibandike kwenye bati chakavu, kipige tochi ya gesi kwa nyuma ukiwa nje, utaamua mwenyewe. Mimi blanketi la nyuzi za kaolini, udongo mweupe unaovumilia moto, nimeliweka upande wa injini, nikalifunika na foili ya stenlesi lisinywe oili.